Muulize Mjomba: Redio yetu imeuzwa, taarabu imeenda wapi?

SWALI: Shkamoo mjomba. Huku Likoni tulikuwa na redio yetu, si kubwa lakini ya kwetu, asubuhi salamu na Alhamisi usiku ni taarabu na muziki wetu wa bango mpaka saa sita. Sasa mwenyewe ameiuzia kampuni ya Nairobi na siku nzima ni zile nyimbo za kila redio, mtangazaji hata Mtongwe hapajui, juzi kasoma salamu za watu wa Mtongwe akasema Mtwapa! Hivi sheria inaruhusu? Na sisi wasikilizaji hatuna letu?
Msikilizaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya Mtwapa imeniuma hata mimi.

Masafa si mali ya mwenye redio, ni ya umma, yeye amepewa leseni tu na Mamlaka ya Mawasiliano na hawezi kumpa mtu mwingine ile leseni bila kibali cha maandishi. Ndio maana mara nyingi kinachouzwa ni hisa za kampuni, jina kwenye leseni linabaki lile lile ila wenyewe ndio wamebadilika, kwa hivyo nyinyi mnakuja kujua mambo yashaisha. Na mnunuzi hakufuata taarabu yenu, alifuata masafa, maana FM ya Mombasa imejaa na kupata nafasi mpya ni kazi, akishaipata anaunganisha na studio ya Nairobi, mtangazaji mmoja anasikika miji mitano na mshahara ni mmoja. Hesabu yake iko sawa, tatizo ni sikio lako.

Kama unashuku kibali hakikutolewa waulizeni Mamlaka, wana ofisi hapa Mombasa, lakini mwende na barua, sio maneno ya barazani. Kuhusu nyimbo zenyewe sikudanganyi, hakuna sheria ya kumlazimisha apige Juma Bhalo au Zein l'Abdin Alhamisi usiku. Anayemuweza ni mwenye tangazo. Yule wa duka la vitambaa na yule wa sofa walikuwa wakilipia tangazo liingie kati ya wimbo na wimbo kwa sababu kina mama wa Likoni walikuwa macho wanasikiliza, sasa mwendeeni dukani mumwambie tumezima redio, uone kama hatapiga simu Nairobi siku hiyo hiyo. Halafu ulizeni kanda za zamani ziko wapi kabla hazijatupwa na viti vibovu. Taarabu ya mji huu ilihifadhiwa zaidi na maduka kama Mbwana Radio Service waliokuwa wakirekodi na kuuza kaseti, redio zetu nyingi hazikujali.

SWALI: Mjomba mimi ndio mmoja wa watangazaji waliotolewa, nimeambiwa kwa simu tu nisije tena, sina kontrakti, nilikuwa nalipwa mwisho wa mwezi. Nina haki?
Sauti Iliyozimwa, Kisauni

JIBU: Unayo, tena usilale. Kutokuwa na karatasi si mwisho, sheria ya ajira ya 2007 inasema hata kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi anahesabika kama wa mshahara wa mwezi. Kama wamekutoa kwa kupunguza watu ilibidi wakupe notisi ya mwezi kwa maandishi, waarifu na afisa wa leba, na wakulipe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza, yaani miaka sita ni siku 90 hivi, ukiongeza notisi na likizo ambayo hukwenda. Na kama zimeuzwa hisa basi mwajiri wako ni kampuni ile ile, wasikwambie miaka yako iliondoka na bosi wa zamani. Toa statement za M-Pesa au benki zinazoonyesha ulivyokuwa ukilipwa, tafuta na rekodi za vipindi vyako, uende ofisi ya leba. Una miaka mitatu ya kushtaki, lakini wewe nenda wiki hii, mashahidi wako wakishapata kazi redio nyingine hawatashika simu.