Laini ngapi za simu za intaneti kwa wafanyakazi 40?
Wafanyakazi 40 hawahitaji laini 40. Hesabu simu zinazoongelewa kwa wakati mmoja katika saa yenye pilikapilika kuliko zote. Mfano, simu 60 za dakika 4 kila moja katika saa hiyo ni dakika 240; gawanya kwa dakika 60 za saa, unapata wastani wa simu 4 kwa pamoja. Lakini tafadhali usiishie kwenye 4! Simu hazipigwi kwa zamu. Ukiweka laini 10, chini ya simu moja kati ya 100 ndiyo itakosa nafasi. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, kila simu ya intaneti hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, hivyo simu 10 ni karibu megabiti 1 kwa sekunde. Pima kasi ya intaneti ya kupakia, si ya kupakua tu, na uipe sauti kipaumbele kwenye ruta.