Jibu: Laki 5, kuku au mbuzi?

Mkuu, umeuliza laki 5 uiweke kwenye mbuzi au kuku wa kienyeji huko Kongwa, Dodoma, na mahindi yako yamekauka msimu wa pili mfululizo. Mimi ningeanza na kuku, lakini chanjo ya mdondo, ugonjwa unaoua kuku kwa haraka (wengine mnaita kideri), itangulie.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kuku 32. Asubuhi moja nikakuta wanne wamejikunyata, kinyesi cha kijani, mmoja shingo imepinda. Wiki haikuisha nikabaki na majogoo mawili. Uzembe wangu mwenyewe, sikuwachanja. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini na inavumilia joto kuliko zile za kawaida: tone 1 jichoni, kila baada ya miezi 3. Wachanje wote siku moja, vifaranga pia, wakiwa wazima, maana mgonjwa haimponyi. Kichupa kina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo changishaneni na majirani.

Shambani, mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele ndio basi tena, na mvua ya Dodoma ina tabia ya kukatika Februari. Yapunguze, panda mtama wa aina ya Macia, mfupi na unawahi kukomaa. Ila jiandae kuamia ndege, mtama mweupe wanaupenda sana. Pumba na chenga zake wape kuku, mbolea yao irudi shambani.

Mbuzi watakuja. Ukiuza kundi la kwanza la majogoo, nunua majike mawili.