Pikapu ya marehemu baba: irudishwe ilivyokuwa au ibadilishwe?

SWALI: Shikamooni mafundi. Marehemu baba ametuachia Land Cruiser pikapu, HJ47 ya 1982, injini 2H ya dizeli, gia nne. Imekaa chini ya mwembe miaka mitatu. Kaka yangu anataka aing'oe injini aweke 1HZ, kisha akate bodi aongeze kebini ya pili. Mimi nataka ibaki kama mzee alivyoiacha, ila inibebee mihogo na simsim. Tufanyeje? (Msomaji, Arua)

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Msiamue lolote kabla hamjaingia chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi. Gongeni reli zote mbili za chasi, hasa pale zinapopanda juu ya ekseli ya nyuma na kwenye mashikio ya springi, maana tope la murram huganda humo na kushika unyevu. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi huzama. Palipooza pakatwe mpaka kwenye chuma safi, kisha pachomelewe bamba lenye unene uleule. Kiraka kikiwekwa juu ya kutu, kutu huendelea kula kwa ndani msione.

Injini msiiwashe na dizeli ya miaka mitatu. Maji hukaa chini ya tangi, na sehemu za pampu zinazosukuma dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo maji yakiingia huiharibu. Mwageni yote, safisheni tangi, wekeni filta mpya. Toeni plagi za kupasha moto, tieni kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya injini katika kila silinda, acheni usiku kucha. Asubuhi izungusheni kwa mkono, spana kwenye boliti ya krenki, raundi mbili kamili. Ikikwama msilazimishe. Ikizunguka vizuri, rudisheni plagi, badilisheni mafuta ya injini, toeni hewa kwenye mfumo wa dizeli, iwasheni ipate moto, ndipo mpime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwa geji ya dizeli. Ya petroli haihimili. Silinda zote sita zikikaribiana, hiyo injini bado ni nzima na hatuoni sababu ya kuing'oa. Moja ikiwa chini sana, ongezeni humo kijiko cha mafuta mpime tena: ikipanda, tatizo ni ringi, isipopanda, tazameni valvu au gasketi.

Jambo moja linalounguza plagi nyingi: someni maandishi kwenye stata mjue kama ni volti 12 au 24. Kuwepo kwa betri mbili hakutoshi kuwaambia. Plagi za 12 zikifungwa kwenye 24 huungua mara moja.

Kaka yako hajakosea kabisa. 1HZ, yenye cc 4,164, ina nguvu zaidi. Lakini kemshafti yake huendeshwa na mkanda unaobadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika, valvu hugonga pistoni. 2H hutumia gia, haina mkanda wa kukatika. Kinachoichosha barabarani ni gia nne. Tafuteni giaboksi H55F ya gia tano: hufungwa kwenye injini hiyohiyo, ila propela shafti zipimwe upya. Giaboksi ya zamani ihifadhiwe pakavu, ikiwa na mafuta yake.

Kebini tunaikataa. Itakula nafasi ya mizigo, na ukishakata hakuna kurudi: tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo hamtaagiza nyingine kama hiyo. Pesa hizo ziende kwenye breki: raba zote za silinda za magurudumu, mipira ya breki, mafuta mapya. Mkienda Kisekka, soko la vipuri Kampala, bebeni kifaa cha zamani mkononi mlinganishe.

Karatasi za mirathi zitangulie. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari; injini ikibadilishwa, kadi nayo irekebishwe.

SWALI: Pikapu yangu ya zamani imefifia rangi. Nipige upya yote? (Msomaji, Mbale)

JIBU: Pitisha kwanza sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, chini yake kuna puti nene, na hapo pakwanguliwe hadi kwenye bati. Kwingine, kama praima, ile rangi ya chini, haijaonekana, sugua kwa dawa ya kung'arisha kabla hujanunua hata kopo moja la rangi.