Barua kwa mwanangu: mwachie kijiko chake

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa Ijumaa usiku nimeusoma mara tatu. Umeniambia hii ni wiki ya tano mumeo yuko kitandani, mguu umevutwa kwa kamba na mawe, na siku hizi ukimpelekea kijiko mdomoni anageuza uso ukutani. Juzi akakuambia usirudi tena wodini. Ukaniuliza, "Mama, wewe uliwezaje na baba?"

Sikuweza, mwanangu. Kwa muda mrefu sikuweza. Sijawahi kukusimulia kwa sababu ulikuwa mdogo, tulikuacha kwa bibi yako Muheza, na baba yako aliporudi na magongo yake hakuna aliyetaka kuyakumbuka. Sasa acha nikusimulie.

Ilikuwa mwaka 2003. Alikuwa amepakia mbao, lori likapinduka karibu na Segera, likamvunja paja na mbavu 2. Akalazwa hospitali ya Bombo, Tanga mjini, kule juu kunakovuma upepo wa bahari. Alitobolewa mfupa chini ya goti, ukapitishwa chuma, mguu ukavutwa kwa mawe yaliyoning'inia mwisho wa kitanda, kama huyo wako. Tuliambiwa wiki 8. Zikawa 12.

Nami nikajipa kazi ya kumfanyia kila kitu. Nilimlisha, nikampiga mswaki, wageni wakimuuliza hali nikajibu mimi. Mikono yake ilikuwa mizima! Fedha za matumizi zilipokwisha nikauza mbuzi wawili bila kumwambia, nikidhani namwondolea mawazo. Wiki ya saba akaacha kula. Nikatoka kibarazani nikalia, na nesi mmoja mtu mzima akanikuta. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Mumeo anafanya kazi gani?" Nikamwambia ni seremala. "Na mikono yake imevunjika?" Nikasema la. "Basi mwachie kijiko chake."

Jioni ile nilimwekea sahani kifuani nikakaa nimekalia viganja vyangu, maana vilikuwa vinataka kwenda wenyewe. Mchuzi ukamwagika shukani. Akala nusu. Kesho yake nikamwambia habari ya mbuzi. Alikasirika, mwanangu, alikasirika hasa! Alitaka kujua nani kanunua na kwa bei gani. Tangu ajali sikuwa nimeisikia sauti yake ikitoka kifuani namna ile. Kisha akaanza kunihesabia watu waliokuwa na deni lake la milango, akanituma Pongwe kwa mmoja wao. Nilirudi na fedha, nikamwekea mkononi yeye, akazigawa yeye: hizi za dawa, hizi za sabuni, hizi mpelekee mama Muheza.

Ndiyo maana nakuuliza: simu ya mumeo iko wapi? Uliniambia anayo wifi yako ili mgonjwa apumzike. Mrudishieni. Kodi ya nyumba mwezi huu nani kaamua ilipwe kwa fedha gani? Muulizeni. Mtu aliyelala chali wiki tano, anayeoshwa na kuvuliwa na watu wengine, akikuta na mambo ya nyumba yake yanapita juu ya kichwa chake, ataona amekwisha kuzikwa. Wala usimuulize kila ukifika, "Unaendeleaje?" Hana jibu jipya. Muulize lililo lake: mtoto apelekwe shule ipi, yule fundi wa paa alipwe au asubiri.

Kuna jambo jingine, na hili ulichunguze kwa upole, ukiwa naye peke yako. Baba yako alikuja kuniambia baadaye sana kwamba alipunguza kula ili asiombe chombo cha kujisaidia. Aliona haya mbele yangu, na mbele ya mama yake akaona haya zaidi. Kulala kwenyewe hufunga choo, na mtu asipokula wala kunywa hufunga zaidi. Kama shemeji yako anaweza kupita asubuhi kabla ya kazi, mpe zamu hiyo, nyie wanawake mtoke nje. Kisha mpelekee papai na maji ya kutosha. Mfupa unataka maharage, dagaa, mayai. Uji mtupu kila siku hautoshi. Na kama bado anavuta sigara, mwambie ukweli kwamba zinachelewesha mfupa kuunga.

Mawe yale yaning'inie huru, yasiguse sakafu wala kitanda, na watoto wasiyachezee. Kamba ikitoka mahali pake usiirekebishe wewe, ita nesi. Kila siku kagua visigino na sehemu ya chini ya mgongo, shuka iwe kavu na isiwe na mikunjo. Ngozi ikiwa nyekundu na isirudi, sema siku hiyo hiyo, maana kidonda cha kulala ni chepesi kuzuia na kigumu kuponya. Ajizoeze kujiinua makalio kwa mikono yake mara nyingi mchana, kama wauguzi watakavyomwonyesha. Akilalamika mguu umevimba na unauma nyuma ya goti kwenda chini, au pumzi inakatika ghafla, usingoje daktari apite. Kimbia ukaseme.

Hasira za mumeo, usizipokee zote kama zako. Katika ajali yake aliangukia kichwa. Kichwa kilichogongwa humchosha mtu kwa kelele kidogo tu, humsahaulisha, humfanya awake kwa neno dogo. Mweleze daktari hayo, na maumivu ya kichwa yakizidi au akitapika au akisinzia kupita kawaida, eleza mara moja. Wageni waingie wawili wawili, wasikae sana. Kundi la watu 9 kuzunguka kitanda wakisimulia ajali nyingine si faraja.

Mama mkwe wako anataka atolewe apelekwe kwa mganga wa mifupa. Usimjibu kwa ukali. Anamwogopea mwanawe, na kwao watu wamewahi kuungwa wakapona. Lakini paja si kidole. Mimi nimemwona kijana aliyekazwa vijiti na vitambaa mpaka damu ikashindwa kupita, mguu ukakatwa. Muombe daktari amwonyeshe mama picha ya eksirei mbele ya mumeo, halafu jibu alitoe mumeo mwenyewe. Mguu ni wake.

Nawe umelala sakafuni hapo wodini wiki tano. Rudi nyumbani kwa usiku mbili, ulale na mwanao. Alipokuambia usirudi huenda hakukufukuza. Pengine alikuwa amekuona ulivyokonda.

Nisikufiche lililo mbele. Siku baba yako alipofunguliwa kamba, tulidhani yamekwisha. Mguu ulikuwa mwembamba kama mchi na goti likakataa kukunja. Siku ya kwanza ya magongo alipiga hatua nne akalia, mtu mzima yule, mbele ya vijana. Ilimchukua mwaka kukaa mkekani vizuri, na mpaka leo unajua anavyochechemea. Mazoezi aliyofundishwa aliyafanya mlangoni kwetu kila alfajiri, na mimi sikumhesabia. Alihesabu mwenyewe kwa sauti.

Nitapanda basi Alhamisi, inshallah. Baba yako naye atakuja. Anataka kukaa naye wawili tu, na mimi sitaingia. Sijafunga mzigo bado. Muulize mumeo anataka nimletee nini kutoka Tanga, kisha anipigie yeye mwenyewe.

Mama yako