Mleta uzi, usilipe bado

Simama hapohapo, usilipe. Umeandika kwamba uko Toronto, kumbi za sinema zilifungwa tena Januari 5, 2022 kwa sababu ya korona, tamasha la filamu ulilokuwa ukilisubiri limehamia mtandaoni, na sasa unataka kununua tiketi nne: moja yako, tatu za bibi yako na wajomba zako walioko Mombasa, mtazame wote filamu ya Kiswahili usiku mmoja. Ukauliza pia kama usubiri kumbi zifunguliwe, uvae barakoa gani, na viti vinapangwaje. Nimeusoma uzi wako nikiwa kwenye basi, nikashindwa kungoja nifike nyumbani.

Hizo tiketi tatu huenda zisifunguke Mombasa. Mfumo hauangalii aliyelipa yuko wapi, unaangalia anayetazama yuko wapi.

Mimi yalinikuta Oktoba 2020. Kumbi za sinema hapa Toronto zilifungwa tarehe 10 mwezi ule, na tamasha moja dogo likahamishia filamu zake mtandaoni. Silitaji, maana hawakunikosea, sharti lao walikuwa wameliandika. Kati ya filamu hizo ilikuwamo moja ya Unguja. Mama yangu yuko Muscat, Oman. Aliondoka Unguja 1964 akiwa na miaka 11, na tangu hapo amerudi mara mbili tu. Nikaona Mungu kanifungulia mlango.

Wakati huo Oman walikuwa wamepiga marufuku kutembea kuanzia saa mbili usiku, kwa hiyo ukoo usingeweza kukusanyika nyumba moja. Nikanunua tiketi nne kwa dola 14 kila moja: ya mama, ya shangazi aliyeko Nizwa, ya kaka yangu Sohar, na yangu. Nikamtumia mdogo wangu riali 25 anunue kile kikasha cha kuunganisha TV ya mama na intaneti. Nikapiga hesabu ya saa: Jumamosi ya Oktoba 17, saa sita mchana huku, kwao saa mbili usiku, wameshaswali Isha.

Nikawapigia WhatsApp ya video. Mama amekaa mbele kabisa, kavaa miwani yake ya kusomea. Pembeni sinia ya kahawa, na halua bado imefunikwa. Rimoti ile mpya hata nailoni yake haijatolewa. Mdogo wangu akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, ukatokea mstari mmoja mweupe wa Kiingereza. Mama akausoma herufi mojamoja kama mtoto wa chuo cha Kurani, kisha akaniuliza, "Mwanangu, pameandikwa nini?" Nikamwambia filamu hairuhusiwi huko mliko. Shangazi wa Nizwa akasema, "Kumbe siku hizi hata filamu inataka viza." Kaka akacheka. Mama hakucheka.

Nikajaribu kuwaonyesha skrini yangu kupitia simu ya video ya kompyuta. Picha kwao ikawa giza tupu, maana filamu hizi huwekewa kinga, ila sauti ikawa inapita. Mama akasema acha hivyohivyo. Akasikiliza kama dakika 20, macho chini. Mara akainua kidole: "Huyo wa Makunduchi huyo! Msikilizeni anavyosema." Wallahi sijamwona na uso ule miaka mingi.

Halafu sauti ikakatika. Kule Sohar kaka yangu, bila kuniambia, alikuwa ameweka VPN, programu ya kuficha uko nchi gani, na kuingia kwa akaunti yangu. Mfumo ukaigundua, ukaifunga akaunti nzima, hata mimi niliyekuwa Toronto nikatolewa. Nilipofunguliwa siku tatu baadaye muda wa kutazama ulikuwa umeshapita. Kwa hiyo atakayekuja hapa chini kukushauri VPN, tafadhali usimsikilize.

Sasa nani aliniambia itafunguka? Ni mwanachama wa jukwaa hili hili. Nilileta swali kama lako, akanijibu kwa uhakika kabisa kwamba intaneti haina pasipoti, nunua tu, yeye mwenyewe alitazama matamasha ya dunia nzima akiwa kwao. Niliporudi kumuuliza, hakujibu, na mpaka leo hajajibu. Ndugu, kama unasoma, mzee wa watu alikaa mbele ya skrini nyeusi kwa neno lako. Usijibu jambo ambalo hujalijua.

Baadaye nikaelewa alipokosea. Mei 29 hadi Juni 7, 2020 kulikuwa na tamasha la We Are One, siku 10 kwenye YouTube, bure, na watu wa nchi nyingi waliliona. Tribeca, tamasha la filamu la New York, waliliandaa pamoja na matamasha mengine 20, Cannes, Venice na Berlin yakiwamo. Jamaa alitazama lile akadhani ndio utaratibu. Kumbe lile lilikuwa la peke yake. Septemba mwaka huohuo TIFF, tamasha kubwa la filamu la hapa Toronto, ikafungua mtandao wake kwa walio ndani ya Kanada tu. Sundance, tamasha la filamu la Marekani, ya Januari 2021, filamu ndefu nyingi zilifunguka ndani ya Marekani tu.

Sababu ni kwamba filamu huuzwa nchi kwa nchi. Mwenye filamu akiiachia dunia nzima kabla hajaiuza, msambazaji wa Kenya au wa Ghuba atanunua nini? Hivyo hulipatia tamasha ruhusa ya nchi moja, na mara nyingi idadi maalumu ya watazamaji, ndiyo maana tiketi za mtandaoni nazo huisha kama viti vya ukumbini. Nikimfikiria mtayarishaji wa kwetu aliyekopa mpaka kwa shemeji ili amalize filamu, siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo kabla ya bei, kabla ya tarehe, kabla hata ya jina la filamu, tafuta palipoandikwa inaonekana nchi gani. Kila filamu na sharti lake, usitazame sharti la tamasha ukaridhika. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilipofika TIFF Septemba 2021, kaka alinipigia kabla hata sijasikia habari. Nikasoma kwanza, nikaona mtandao wao ni wa Kanada tu, nikamwambia mama mapema kwamba safari hii hatuwezi. Alisikitika, lakini hakuna aliyemkalisha mbele ya TV bure.

Mambo ya barakoa na viti wengine watakujibu, mimi nimekujia kwa ajili ya bibi. Usimwambie lolote bado. Waandikie tamasha leo, mistari miwili tu: "Mtazamaji yuko Mombasa, Kenya. Je, filamu hii itafunguka huko kwa tiketi niliyonunua Kanada?" Wakikataa, mwandikie mwenye filamu umuulize itafika lini Mombasa. Na majibu yao, vyovyote yatakavyokuwa, yabandike hapa kabla hujatoa kadi.