Maji hayaingii, au hayakomi kuingia: majibu kuhusu vali ya mashine ya kufulia

Nyuma ya mashine ya kufulia, pale mpira wa maji unapofungwa, kuna kifaa cha plastiki kinachotosha kiganjani ambacho hulaumiwa kuliko sehemu nyingine zote za mashine. Hicho ndicho vali ya kuingizia maji. Nimechagua maswali matano kati ya yaliyoletwa na wasomaji kuihusu.

Mashine yangu inafunga mlango, inavuma kwa nyuma, lakini maji hayaingii. Baada ya muda inaandika IE. Fundi ameniambia vali imeungua. Je, ninunue nyingine? (Tabata, Dar es Salaam)

Usinunue kwanza. Katika mashine za LG, herufi hizo zina maana kwamba maji hayakufikia kiwango kinachotakiwa katika muda uliopangwa. Samsung huandika 4E au 4C kwa kosa hilohilo. Mashine inalalamika kuhusu maji, haijataja vali. Tena huo mvumo, ikiwa kweli unatoka pale mpira unapoingia, unaitetea vali yako, kwa sababu koili, yaani waya uliozungushwa unaoifungua vali kwa umeme, haivumi ikikatika.

Chomoa plagi, funga koki, fungua mpira upande wa mashine na uuelekeze kwenye ndoo ya lita 10, kisha fungua koki yote. Ndoo ikichukua zaidi ya dakika 2 kujaa, tatizo liko kwenye koki, kwenye mpira au kwenye bomba linaloleta maji. Ikijaa haraka, chungulia mdomo wa vali, nawe utaona chujio dogo mfano wa kikofia. Livute taratibu kwa plaizi, uliloweke kwenye siki kwa saa moja kama lina magamba meupe, kisha ulisugue kwa mswaki wa zamani. Mashine nyingi hupona hapo, bila kununuliwa chochote.

Tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na tangi letu liko juu ya mnara mfupi. Mashine hujaa polepole mno, na hata ikizimwa, maji huendelea kutiririka kidogo ndani. Tumebadilisha vali mara mbili na hali ni ileile. (Kigamboni)

Swali lenu linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa vali hizi hazifanyi kazi kama watu wengi wanavyodhani. Koili haina nguvu ya kuzuia wala kuachia maji yote yanayotoka bombani. Kazi yake ni kuinua kichuma chembamba kinachoziba tundu dogo katikati ya utando wa raba. Tundu likifunguka, maji yaliyokuwa yakiukandamiza utando kwa juu hutoka, na presha ya maji ya chini huuinua. Umeme ukikatwa, springi hukirudisha kichuma, maji hupenya tena juu ya utando kupitia kitundu kingine chembamba mno, na uzito wa presha hiyo ndio unaoufunga utando barabara. Maana yake ni kwamba vali hufungwa na presha ya maji yenyewe. Presha ikiwa hafifu, vali nzima kabisa inaweza kuvujisha.

Mashine nyingi huhitaji presha isiyopungua baa 0.3 hadi 0.5, na kila mita moja ya kimo, kutoka usawa wa maji tangini hadi kwenye vali, hutoa baa 0.1 hivi. Pimeni wenyewe: tangi lililo mita 2 juu ya vali linatoa baa 0.2 tu, na likikaribia kuisha ni chini ya hapo. Ongezeni kimo cha mnara, au fungeni pampu ndogo ya kuongeza presha. Zipo pia vali zilizotengenezwa kwa maji ya tangi, zisizotegemea presha kujifunga. Muulizeni muuza vipuri kwa maneno hayohayo.

Kuhusu mchanga wa kisima, wekeni chujio la nje kabla ya koki. Niliwahi kuipasua vali iliyokuwa ikivujisha usiku kucha nikakuta chembe moja ya mchanga, ndogo kuliko punje ya ulezi, imekaa kwenye ukingo wa utando. Utando wenyewe haukuwa na hata mkwaruzo.

Maji hujaa kupita kiasi hadi yanakaribia kumwagika. Nitajuaje kama kosa ni la vali? (Mombasa)

Chomoa plagi wakati maji yanaingia. Yakiendelea kuingia, kosa ni la vali, au la presha hafifu kama nilivyomweleza msomaji wa Kigamboni. Yakikoma papo hapo, vali ni nzima na inatii amri mbaya: kagua kihisio cha kiwango cha maji, kampira chake chembamba kinachoziba kwa ukoga wa sabuni, na mwishowe bodi ya umeme.

Nimepima koili kwa multimita na haisomi kitu. Naweza kubadilisha vali mwenyewe? (Morogoro)

Unaweza, mradi plagi imechomolewa na koki imefungwa. Koili nzima ya volti 220 hadi 240 kwa kawaida husoma kati ya omu 3,000 na 5,000. Isiyosoma kitu imekatika. Fungua skrubu za nyuma zinazoshika kifuniko cha juu, ukitelezeshe nyuma, na ujihadhari na kingo za bati, maana hukata vidole. Kabla ya kugusa waya wowote, piga picha. Vali ina midomo miwili au mitatu, kila mmoja na chumba chake katika droo ya sabuni, na ukibadilishana waya, dawa ya kulainisha nguo itamwagika mwanzoni badala ya mwishoni.

Legeza klipu za mipira ya ndani ukiwa umetandika kitambaa chini, kwani maji yaliyobaki yatadondoka juu ya nyaya. Toa skrubu za vali, weka mpya yenye idadi ileile ya midomo na volti zilezile, kisha rudisha kila kitu kwa kufuata picha. Mpira wa nje ukaze kwa mkono, na uongeze kidogo tu kwa plaizi. Raba iliyo ndani ya nati ndiyo inayozuia maji, kwa hiyo tepu ya mabomba haihitajiki. Mimi mwenyewe nilivunja shingo ya vali mpya kwa kuikaza na spana ya bomba, nikarudi dukani siku hiyohiyo.

Ndugu yangu alinitumia mashine kutoka Marekani, naitumia kwa transfoma. Vali imekufa. Naweza kufunga ya hapa? (Zanzibar)

Hapana. Vali ya mashine hiyo ni ya volti 120. Ya hapa itapata nusu ya umeme wake na huenda isifunguke kabisa. Agiza kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwa vali ya zamani, na usiitupe hiyo ya zamani mpaka mpya ifike.