Maswali ya Wasomaji: Hizi Spamu Tutazifuta Mpaka Lini?

Safari hii sikuchagua mada, mmenichagulia nyie. Barua nyingi zilizoingia zinalalamikia kitu kimoja, matangazo ya barua pepe ambayo hakuna aliyeyaomba, ndo hizo spamu, na kwa kweli na mimi linanikera kiasi kwamba nimeamua ukurasa wote uwe wa hilo. Nimechukua maswali matano, mengine yanafanana na haya.

Kaka, kila asubuhi nafuta barua kama arobaini hivi, dawa za nguvu, mikopo, saa za bei ya kutupa, sijui nimeshinda nini. Jioni zimerudi zingine. Kwani hakuna sheria ya kuwakamata hawa watu? – Dada aliyechoka kufuta

Pole sana dada. Sheria zipo tena sio chache, ila hazilingani na hapo ndo pa kuangalia kwanza. Marekani wana sheria yao inaitwa CAN-SPAM, ilisainiwa Desemba 2003 ikaanza kazi Januari 1, 2004, na watu wengi wanadhani inakataza spamu, haikatazi. Inachosema ni kwamba mtumaji asidanganye yeye ni nani, kichwa cha barua kisiwe cha uongo, aweke anuani ya posta ya kweli na akupe njia ya kujitoa, ukishajitoa akuache ndani ya siku 10 za kazi. Yaani yeye ana ruhusa ya kuanza, kazi ya kusema basi unaachiwa wewe. Ulaya wakaenda njia nyingine, agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 linataka mtu akubali kwanza ndo atumiwe, Australia nao wakafanya hivyo kwa sheria yao ya 2003, na Kanada ambao sheria yao imeanza Julai 2014 wameweka faini inayoweza kufika dola milioni 10 za Kanada kwa kampuni.

Mi nipo upande wa ridhaa kwanza na sioni aibu kulisema hilo. Hebu fikiria, kama kila biashara duniani ina haki ya kukutumia barua moja tu kabla hujaikataa, utamaliza umri wako unakataa.

Lakini tusidanganyane, hata sheria kali inamshika mwenye jina na ofisi. Huyu wa dawa feki anakaa nchi moja, tovuti yake ipo kwenye seva ya nchi nyingine, barua yenyewe imetumwa na kompyuta ya mtu asiyejua hata kama ina virusi, na hela inaingia benki ya nchi ya nne. Polisi aanzie wapi? Mwaka 2004 Wamarekani waliwahi kufikiria daftari la watu wasiotaka kutumiwa matangazo, kama walilonalo la simu, tume yao ya biashara ikachunguza ikaliambia bunge kwamba halitafaa, manake kama huwezi kuthibitisha nani katuma nini, watuma spamu watalichukua daftari lenyewe waligeuze orodha ya anuani zinazofanya kazi. Kwa hiyo kabla ya hakimu kunatakiwa kwanza njia ya kumjua mtumaji, na hilo ndo linatupeleka swali linalofuata.

Nimeamka nimekuta barua zaidi ya mia mbili zinasema "ujumbe wako haukufika", na mi sijamwandikia mtu yeyote. Akaunti yangu imeibiwa? – Mwenye wasiwasi

Anza na tahadhari: badili paswedi, washa uthibitisho wa hatua mbili, afu ingia kwenye folda ya zilizotumwa uangalie. Kama kule hamna kitu cha ajabu na hakuna aliyeingia kwenye akaunti kutoka kifaa usichokijua, basi mara nyingi hujaibiwa akaunti, umeibiwa jina tu.

Nikueleze inavyokuwa. Utaratibu ambao barua pepe inasafiria, SMTP, uliandikwa mwaka 1982 wakati mtandao ni mdogo na watumiaji ni watafiti wanaojuana, haukuweka mlinzi wa kuuliza "wewe kweli ndo fulani?". Pale kwenye "kutoka kwa" mtumaji anaandika anachotaka, sawasawa na mtu kuandika jina lako nyuma ya bahasha akaitumbukiza posta. Aliyeandikiwa asipopatikana, posta inairudisha kwa nani? Kwako. Hizo mia mbili ulizokuta ni zilizogonga mwamba tu, zilizofika huzioni.

Dawa ya hili imekuja kwa vipande. Kuna SPF, ambapo mwenye domeni, yaani lile jina linalokuja baada ya alama ya @, anatangaza hadharani ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lake. Kuna DKIM, huu ni muhuri wa kihesabu unaogongwa kwenye barua yenyewe, mtu akibadilisha herufi moja njiani muhuri haukubali. Na kuna DMARC, ilitangazwa 2012, hii inamwambia anayepokea afanye nini barua ikifeli hivyo viwili, aipitishe, aitupe kwenye spamu au aikatae mlangoni, na inamletea mwenye domeni ripoti ya wanaotumia jina lake.

Na hivi vitu unaweza kuviona kwa macho yako. Juzi nilipata barua inayojiita ya benki, nembo ipo, rangi zipo, lugha safi, inanitaka "nihakiki taarifa". Nikabonyeza vile vidoti vitatu, nikachagua kuona barua nzima jinsi ilivyo, ikafunguka kurasa ya maandishi madogo madogo yanayotisha, usiogope, tafuta mstari unaoanza na Authentication-Results. Ya kwangu ilikuwa imeandikwa spf=fail, dkim=none, dmarc=fail. Maneno matatu hayo yanatosha, ile benki haikuniandikia kitu.

Ila naomba uelewe hapa, wengi wanateleza: barua ikipasi vyote vitatu haimaanishi ni ya mtu mwema. Tapeli akinunua domeni yake mwenyewe akaipanga vizuri atapasi kabisa. Hivi vinakuthibitishia jina, tabia ya mwenye jina ni habari nyingine.

Kama anuani yako ni ya hawa watoa huduma wakubwa hayo mambo wanakupangia wao, hizo zinazorudi zitapungua zenyewe ndani ya siku kadhaa. Kama una domeni yako, soma jibu la nne.

Nasikia ukibonyeza kitufe cha kujiondoa ndo unajiongezea spamu. Kweli? – Msomaji

Inategemea na nani katuma. Kampuni unayoijua, uliwahi kununua au kujisajili kwake, bonyeza tu, watakuondoa. Mtu humjui na tangazo lenyewe linanuka, usibonyeze kitu chochote ndani ya barua, ripoti kama spamu basi. Zima na picha zisijifungue zenyewe, manake wanaficha kapicha kadogo kasikoonekana, kakifunguka kanamwambia mwenyewe kwamba anuani yako ina mtu.

Nina biashara ndogo mtandaoni. Nilinunua orodha ya anuani elfu nane nikatuma tangazo, sasa hata risiti za wateja wangu halisi zinaangukia kwenye spamu. Nifanyeje? – Mfanyabiashara

Nakujibu kwa upendo lakini sipindishi: itupe hiyo orodha leo. Hao watu elfu nane hawakukuomba, kwao wewe na yule wa dawa za nguvu mko kundi moja, na kompyuta zinazopokea barua zinawaona hivyo hivyo. Afu kwenye orodha za kununua huwa kuna anuani za mtego, nyingine zilishaachwa na wenyewe miaka mingi, nyingine hazijawahi kuwa za mtu, zimewekwa ili atakayeziandikia ajulikane kwamba hakuomba ruhusa. Ukizigusa unaingia kwenye orodha nyeusi, kama zile za Spamhaus, shirika linalofuatilia watuma spamu tangu 1998, na watoa huduma wengi wanaziangalia hizo kabla hawajapokea barua yako.

Tangu Februari 2024 mambo yamekaza zaidi na mi nimefurahi sana. Google na Yahoo walikubaliana masharti yanayofanana: anayetuma kwa wingi, kwa Google ni kuanzia barua 5,000 kwa siku, lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, aweke njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja, anayejitoa aondolewe ndani ya siku mbili, na wanaomripoti kama spamu wasifike asilimia 0.3. Piga hesabu, hiyo ni watu watatu kwenye kila elfu. Kwenye elfu nane yako walitosha ishirini na nne kukuharibia jina, na wewe uliwaandikia wote kwa mkupuo.

Cha kufanya sasa. Weka hivyo vitatu kwenye domeni yako, aliyekuuzia domeni ana sehemu ya kuviandika na maelekezo yapo. Risiti zitume kutoka anuani tofauti na ya matangazo, ikiwezekana hata domeni ndogo yake, ili moja ikichafuka nyingine ipone. Matangazo peleka kwa walioyaomba tu hata kama ni watu sitini, na asiyefungua barua zako miezi na miezi muache apumzike. Jina linarudi, ila taratibu, usitegemee wiki moja.

Mwaka 2004 Bill Gates alisema spamu itakuwa imeisha ndani ya miaka miwili. Mbona bado ipo, na nani huyo anayenunua vitu vyao? – Aliyekata tamaa

Ni kweli alisema, kwenye ule mkutano wa uchumi wa Davos, Uswisi, Januari 2004. Usikate tamaa ndugu yangu, ila lazima tuelewe kinachoilisha.

Watafiti wa California waliwahi kuingia ndani ya mtandao mmoja wa kompyuta zilizoambukizwa wakafuatilia tangazo la dawa, matokeo wakayatoa 2008. Barua karibu milioni 350 zilitumwa. Waliofika hatua ya kununua walikuwa 28. Ishirini na nane! Biashara gani nyingine inavumilia hivyo? Inavumilia kwa sababu kutuma hakumgharimu karibu chochote, gharama ya seva, umeme na muda unaibeba wewe na mtoa huduma wako. Kwa hiyo kila dawa inayofaa inafanya kitu kimoja, kumpandishia gharama.

Filta, yaani programu za mtoa huduma zinazochuja barua, zinafanya hivyo, ndo maana zile arobaini za dada wa kwanza ni mabaki tu, nyingi zinazuiwa hata hajaziona. Wenye miundombinu wakiamua nao inaonekana. Novemba 2008 mwandishi wa Washington Post, Brian Krebs, alipeleka ushahidi kwa kampuni zilizokuwa zinaiuzia intaneti kampuni moja ya Marekani iitwayo McColo, iliyohifadhi seva za kuongozea spamu, wakaikatia, na spamu ya dunia nzima ikashuka zaidi ya nusu ndani ya siku moja. Ikarudi baadae, ndio. Machi 2011 Microsoft wakaenda mahakamani wakapata amri, seva za mtandao wa Rustock zikazimwa, huo ulikuwa na kompyuta zilizoambukizwa kama milioni moja. Hapo sheria, ufundi na kampuni vilikaa chumba kimoja, na ndo aina ya kazi ninayoiamini.

Ila mi naona penye mshipa hasa ni kwenye malipo. Mwaka huohuo wa 2011 utafiti mwingine ulifuata hela inakopita ukakuta asilimia 95 ya dawa, bidhaa za kuigiza na programu zilizotangazwa kwa spamu zililipiwa kupitia benki chache mno. Kompyuta yenye virusi ukiizima leo kesho anapata nyingine, domeni anapata kwa dakika, lakini benki ya kukubali kumpokelea malipo ya kadi haipati kirahisi, na wenye chapa zilizoigizwa walipoanza kupeleka malalamiko kwa kampuni za kadi, akaunti zikafungwa na wauzaji wakahangaika kweli. Kwa hiyo kama wewe au mtu wako mlishawahi kulipia kitu cha namna hiyo kwa kadi kikaja feki au hakikuja kabisa, usinyamaze kwa aibu, iandikie benki iliyokupa kadi upinge huo muamala, manake muuzaji akirundikiwa mapingamizi ya hivyo benki inayompokelea hela inaanza kumuona mzigo.